Masanduku ya Matroni

Siku ya kwanza matroni mpya alipovuka barabara kwenda kwa Fundi, alikwenda kwa shari. Majeneza yaliyosimamishwa nje ya karakana, yakitazamana na lango la hospitali, aliyataka yatoke.

"Fundi, wajawazito wakiyaona wanageuza palepale langoni. Wanakwenda kujifungulia nyumbani."

"Mama, biashara ni kuonekana. Jeneza halitembezwi kichwani kama karanga."

"Basi ligeuze litazame ukuta."

"Na mteja naye atazame ukuta?"

Matroni akaondoka bila kuaga. Fundi akacheka, akarudi kwenye randa yake. Wakubwa wa hospitali alishawaona wengi. Huja wakali kama pilipili, kisha huhamishwa.

Kwa hiyo alipomwona tena mwezi uliofuata, alijua ameshinda. Mama hakutaja majeneza. Aliagiza masanduku kumi ya mbao, urefu kuanzia begani mwake hadi ncha ya vidole, yapigwe msasa ndani "yasije yakamchubua mtoto." Aliyataka kabla ya Jumatatu.

Fundi akaiweka randa chini. Kumi! Kwa mkupuo mmoja! Kumezuka nini humo ndani? Lakini mfanyabiashara hapekui msiba wa mteja, huomba malipo ya kwanza. Akayapokea, na bei hakupunguza. Kufa kufaana.

Jumatatu matroni akaja na wauguzi wawili na mkokoteni. Fundi alikuwa ameyapanga masanduku yake vizuri, kila moja na kifuniko chake, misumari kando. Akavua kofia.

"Poleni sana, mama."

Matroni akanyanyua kifuniko kimoja. Akakitazama, akamtazama Fundi.

"Hiki cha nini?"

"Cha kufunikia."

"Fundi! Unataka kunizikia watoto wangu wangali hai?"

Muuguzi mmoja akajiziba mdomo. Wa pili akakaa juu ya gogo. Matroni akaeleza: wodini vichanga hulala watatu watatu kitanda kimoja, na juzi mmoja alianguka sakafuni. Haya yalikuwa vitanda vyao.

Fundi akaikunja kofia yake.

"Mama, miaka yote nipo langoni kwenu. Hakuna aliyewahi kuniagiza kitu cha mtoto anayepumua."

Matroni akakigeuza kifuniko mkononi.

"Vifuniko silipi."

"Mbao imeshakatwa. Msumeno haurudi nyuma."

"Vipasue viwe miguu, vitanda visikae chini."

"Na jasho langu?"

"Mabenchi ya wagonjwa yote yamevunjika. Utayatengeneza wewe, si mwingine. Ila hayo ya nje yageuke."

Fundi akayatazama majeneza yake, akatazama lango.

"Vifuniko nusu bei," akasema.

"Robo."

"Lete mabenchi."

Jioni ileile akayageuza. Matroni akapata vitanda kumi vyenye miguu. Fundi akapata mabenchi, kisha milango, na akapoteza wateja wa njiani, kwani mpita njia sasa huona migongo ya mbao tu.

Juzi mwanamke mwenye tumbo kubwa alisimama pale, mkono kiunoni, akasifia kabati moja refu kati ya yale yaliyogeuzwa. Lingefaa nguo za mtoto, alisema, bei gani?

Fundi nusura amtajie.

"Hilo lina mwenyewe, dada," akasema. "Pita tu."

Dada akavuka barabara, akaingia langoni.