Viatu vya Kushoto vya Mama Mkasi

Mama Mkasi hakupewa jina hilo kwa ajili ya ulimi wake, ingawa waliowahi kuuonja waliapa kwamba ndiyo sababu. Alipewa kwa kazi. Miaka kumi na tisa alikata ngozi katika karakana ya viatu aliyoianzisha na mumewe, chumba kirefu chenye dirisha moja nyuma ya duka la rangi za nyumba, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwona akikata mara mbili palipotakiwa mara moja. Kwanza aliipapasa ngozi kwa kiganja, macho kando, akitafuta makovu ya ng'ombe na sehemu za tumbo zinazolegea. Kisha alichora kwa chaki, kisha akakata, na ukimsemesha wakati huo hakujibu hata kama paa lingekuwa linawaka moto.

Mumewe alipofariki, ndugu walikaa kuizungumzia karakana. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa kushona, alisema mbele ya wote kwamba karakana ni ya ukoo na mjane ni mgeni. Akae, ashike mkasi wake, apate ujira wake, asijisahau. Hakuna aliyempinga, hata mama mkwe. Keshoye Mama Mkasi alimkuta shemeji amekalia kiti cha marehemu, pale dirishani penye mwanga, na meza ya kukatia imesukumwa hadi mlangoni. Tangu siku hiyo hakumsemesha kwa miaka sita.

Usidhani waliacha kufanya kazi pamoja. Mmoja hakujua kushona na mwingine hakujua kukata, kwa hiyo walishinda chumba kimoja wamepeana migongo, na katikati yao, juu ya benchi, alikaa mama mkwe akipaka uzi nta na kupeleka maneno. Mwambie huyo soli aliyonipa ni nyembamba. Mwambie naye kwamba nyundo haina macho, mwenye macho ni yeye. Walisikiana vizuri kabisa, hatua tatu tu, lakini neno lilikuwa lazima lipite kwa bibi kizee, naye alilitia chumvi kabla ya kulifikisha, maana kazi hiyo ilimpa ukubwa ambao hakuwahi kuwa nao ujanani. Wateja walizoea. Wengine walileta visigino vizima kabisa virekebishwe, wapate tu kukaa na kusikiliza.

Kiatu kilicholeta balaa kilikuwa kile cha kipande kimoja. Juu yake pote ni ngozi moja isiyoungwa, inayozunguka mguu na kukutana mahali pamoja tu, upande wa ndani wa kifundo, ambapo unapita mshono mmoja. Ukikosea kukata kwa upana wa ukucha, kiatu kinakunja uso. Kigezo chake, karatasi ngumu iliyochakaa ncha kwa kushikwa, alikibuni Mama Mkasi mwenyewe. Aliharibu ngozi sita kabla hakijakaa sawa. Mumewe alimnung'unikia kwa sita za mwanzo, na ya saba alipoiona akaivaa na kwenda nayo mjini siku nzima.

Siku moja akaja afisa wa ofisi ya biashara ya nje. Mtaa mzima ulimwita Bwana Fursa kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila neno hilo. Alikigeuzageuza kile kiatu, akasema hii ni fursa. Kulikuwa na msafara wa kibiashara unaoandaliwa: watengenezaji wadogo kumi na wawili wapelekwe ng'ambo kwenye maonyesho, wakutanishwe na wanunuzi ana kwa ana, na ofisi igharimie tiketi na meza. Kila biashara ilipewa nafasi moja, na fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jina la mtengenezaji. Mama Mkasi siku hiyo alikuwa amekwenda kiwandani kuchagua ngozi. Aliporudi, mstari ulikuwa umeshajazwa.

Alijua wiki tatu baadaye, kijitabu cha msafara kilipoletwa. Ukurasa wa tano ulikuwa na picha ya shemeji kifua mbele, ameshika mkasi. Mkasi wake yeye! Na ameushika kama mtu anayetaka kukata kucha. Chini ya picha waliandika: mbunifu na mtengenezaji. Mama Mkasi alisoma mara mbili, akahisi chuki safi, isiyochanganywa na kitu kingine chochote, na anayetaka kumlaumu na amlaumu.

Alimfuata Bwana Fursa ofisini. Bwana Fursa alimpa kiti na maji ya kunywa, akamweleza kwa upole, na upole huo ndio uliouma zaidi. Aliyeandikwa ndiye atakayetia saini mkataba, na ndiye atakayeingizwa katika orodha ya wauzaji wa nje kama mwenye biashara. Wengine wote watahesabiwa kuwa wafanyakazi wake. Akamwomba asiharibu fursa ya familia. Mama Mkasi aliondoka akijua jambo moja: ule ugeni aliopewa kwa mdomo, sasa ungeandikwa kwa wino na kupigwa muhuri.

Wiki ya safari Bwana Fursa alikuja na maelekezo ya sampuli. Viatu visafiri mguu mmojammoja, wa kulia tu. Ukipeleka pea kamili, forodha watasema ni bidhaa na watataka ushuru. Na tena kiatu kimoja hakina mwizi. Basi viatu kumi na viwili vya kulia vikafungwa kwenye sanduku, na vya kushoto vikabaki mezani vimejipanga. Mama Mkasi akavitia vyote kwenye mfuko, pamoja na kigezo chake, akamgeukia mama mkwe.

"Mama, mwambie mwanao, vya kulia asafiri navyo salama. Vya kushoto ni vyangu."

Shemeji alicheka hadi akaweka chini msharasi wake wa kutobolea ngozi. Alimwuliza mama yake, kwa sauti ya kusikika, mwanamke mwenye miguu miwili atafanya nini na viatu kumi na viwili vya mguu mmoja.

Siku tisa baadaye alirudi na kichwa kimevimba. Kila habari yake ilianza na "kule kwa wenzetu." Lakini hakurudi mikono mitupu. Mwenye maduka mmoja alikipenda kiatu cha kipande kimoja na alitaka pea mia tatu, kwa sharti moja: wakala wake afike karakanani na kiatu cha kulia mkononi, aone mwenzake wa kushoto, na aridhike kwamba kweli vinatengenezwa hapo. Wakala angefika baada ya wiki mbili.

Basi mtu mwenye akili angegeuka, akasema neno moja la adabu kwa mjane wa kaka yake aliye hatua tatu nyuma. Yeye alimtuma mama. Mwambie alete vile viatu. Jibu likarudi: mwambie abadilishe jina kwenye fomu kwanza. Shemeji akasema aliyepanda ndege hapangiwi mambo na mshika mkasi, na akaamua kukata mwenyewe.

Siku tatu nzima Mama Mkasi alimsikia nyuma yake akiitafuna ngozi kwa mkasi. Alifurahi, na alihuzunika pia, kwa sababu ngozi zilikuwa nzuri, amezichagua yeye, na hazikuwa na ugomvi na mtu. Kosa aliliona tangu chaki ya kwanza, alipopita kwenda kunawa. Shemeji alikuwa amefumua kiatu kimoja cha kulia alichorudi nacho, akakilaza juu ya ngozi mpya vilevile kilivyo, akakichora. Hakukigeuza juu chini ili kitoe mguu wa kushoto. Mtu aliyeshona miaka ishirini, na hakuna siku aliyojiuliza mguu wa kushoto unatoka wapi. Neno moja, geuza, lingemwokoa. Mama Mkasi alilimeza, likashuka vizuri.

Wakala alikuja asubuhi, mwanamke mfupi wa miwani, si mwenye maneno mengi, Bwana Fursa akimtangulia na kumfungulia mlango uliokuwa wazi. Alikataa soda. Alitoa kiatu cha kulia mkobani, akakiweka mezani, akaomba mwenzake.

Shemeji akaleta chake. Soli ilikuwa ya kushoto, maana kalibu ya mti ya kushoto, ile inayovalishwa kiatu kikishonwa, ndiyo aliyoitumia, lakini ngozi ilikuwa imekatwa kwa mguu wa kulia na kuvutwa juu yake kwa nguvu. Mshono uliotakiwa kukaa ndani umekaa nje. Pua ya kiatu imepinda, kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake. Wakala alivilaza sambamba, akavitazama, akavigeuza, akavitazama tena.

"Hiki nacho ni cha kulia," akasema.

"Soli ni ya kushoto," shemeji akajibu.

"Soli ndiyo. Nani alikata ngozi?"

Mama mkwe, mwenye majibu ya kila mtu, aliuinamia uzi wake, akaanza kuupaka nta upya. Bwana Fursa alikohoa, akaanza kusema kuhusu changamoto za watengenezaji wadogo. Wakala akakirudisha kiatu chake mkobani. Alikuwa na karakana nyingine mbili za kuona kabla ya adhuhuri.

Hapo ndipo Mama Mkasi alipouvuta mfuko chini ya meza yake. Akatoa kiatu cha kushoto, akakiweka mbele ya wakala, lakini mkono hakuuondoa juu yake. Alijua fika kwamba wakala akikataa, pea mia tatu zimekwenda, naye atakuwa amezifukuza.

"Nilikata mimi," akasema. "Hiki, na hicho ulicho nacho, na vyote alivyosafiri navyo. Kigezo changu hiki hapa. Huyu anashona, na anashona vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, hilo sitamdhulumu. Lakini kwenye karatasi zenu mimi simo. Niandikeni mwenye biashara pamoja naye, au kiatu kinarudi mfukoni."

Wakala alimgeukia shemeji, akamwuliza kama ni kweli. Shemeji alikuwa amerudi kitini na kiatu chake, akiutazama mshono ulioangukia nje. Akaupapasa kwa kidole gumba.

"Ni yeye," akasema.

Bwana Fursa aliharakisha kueleza kwamba fomu aliyokuja nayo, kwa bahati mbaya, ina mstari mmoja tu. Wakala alimwambia basi aandike majina mawili kwa herufi ndogo. Akasubiri mpaka yakaandikwa, akayasoma, akamgeukia Mama Mkasi. Sasa anataka kuona kwa macho. Mama akate kipande cha kushoto hapahapa, mbele yake.

Mama Mkasi akachukua ngozi, akaangalia meza yake. Wakala na Bwana Fursa walikuwa wamesimama mlangoni wamemzibia mwanga. Mwanga mwingine ulikuwa dirishani. Hakuomba. Alitembea hatua zile tatu, ngozi begani, kigezo na mkasi mkononi, akasimama mbele ya kiti cha marehemu mume wake.

Shemeji akainuka. Akapangusa kiti kwa kiganja, akakivuta kidogo nyuma, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akamtazama usoni.

"Karibu, shemeji. Kaa."

Mama Mkasi hakumtazama.

"Mama," akasema, "mwambie mwanao, anayekaribishwa ni mgeni."

Mama mkwe alifungua mdomo, akaufunga. Neno hilo hakulipeleka. Mama Mkasi akakirudisha kiti mahali kilipokuwa kikikaa zamani, akakikalia, akakigeuza kigezo juu ya ngozi, akaanza kuchora.