Nilimwambia Balozi Hatuna Shida ya Maji

Makosa ni yangu, wasomaji wenzangu, lakini yalibebwa na kijiji kizima. Mimi sikusoma sana, kwa hivyo nitasema vile inakuja.

Ilikuwa miaka ya tisini, huku juu ya Kiganjo. Balozi wa nchi moja ya ng'ambo alikuwa anakuja kuona kama serikali yake itatuwekea paipu za maji. Mimi nikiwa mwenyekiti wa kamati ya maji, angefikia kwangu.

Sasa, kwetu mgeni haonyeshwi njaa. Nikaazima ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, kwa shemeji yangu. Mmoja wao alikuwa na tabia ya kula kofia, lakini hiyo tuiache. Nikaazima viti vya kanisa. Nikachinja mbuzi. Mitungi yote ya maji nikaificha nyuma ya choo!

Mke wangu akaniuliza, "Baba Nduta, huyu anakuja kuposa ama anakuja kuona shida?"

"Wacha, Mama Nduta. Unataka tuonekane maskini?"

"Si ndiyo tumemwitia?"

Balozi alikuwa mama mpole, na Kiswahili alikuwa nacho kidogo. Akala, akapangusa mikono, akasema: "Mzee, kwetu kuna watu wanauliza kwa nini kodi yao ivuke bahari. Mimi nawaambia ukimsaidia mtu leo, kesho hamtakuwa maadui. Hawaniamini. Nipe neno niwapelekee."

Neno tu! Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, alama ya kamba ya kubebea mtungi mgongoni ikiwa kwenye paji lake la uso. Mimi nikasema, "Waambie tunaishi vizuri. Hakuna shida."

Akanishukuru sana.

Paipu zikaenda ng'ambo ya bonde, kwa watu ambao balozi alipowatembelea walimpa uji kwa kikombe kilichokatika mkono, halafu wakamtembeza mpaka mtoni, viatu vyake vikabaki matopeni.

Kamati ikanitoa. Hiyo si kitu. Mke wangu aliendelea kupanda ule mlima na maji mgongoni mpaka shingo ikakataa kugeuka. Siku hizi akitaka kuniangalia, anageuka mwili mzima. Kwa hivyo haniangalii sana.

Nikisikia watu wakisema ati misaada ni upuzi, ati mabalozi ni wa kula tu, namkumbuka balozi wetu. Ni kweli, yule mama alikula. Lakini alikuja kutafuta kitu cha kututetea nacho kwao, na mimi nikampa nyama.

Nyinyi wenye kamati, mgeni kama huyo akija, mwenyekiti akae chini. Aongee anayebeba maji.