Fundi simu anayedaiwa picha alizozikata kwa koleo

Saa mbili asubuhi, mjini Morogoro. Kibwana Kondo ameinamia simu iliyoanguka kwenye ndoo ya maji, pua yake nusura iguse meza. Anaifungua taratibu, anapangusa ndani kwa mswaki wa zamani, kisha anaiegemeza juani ikauke. Mwenye simu, mama wa makamo aliyekuja na kapu la mboga, hajauliza bei. Ameuliza kitu kimoja tu.

"Fundi, picha zangu zitakuwepo?"

"Zitakuwepo, mama. Kadi haijaguswa na maji," anajibu Kibwana bila kuinua kichwa.

Mama yule anashukuru na kwenda zake sokoni. Kibwana anabaki ameshika mswaki, hapangusi chochote. Kwa miezi kumi na sita sasa, kuna picha nyingine anazodaiwa yeye, na hizo hawezi kuzirudisha hata kwa dawa.

Ana umri wa miaka thelathini na minne. Meza yake iko kwenye kibaraza cha duka la vipuri vya simu la Parth, kijana mwenzake aliyerithi biashara hiyo kwa baba yake. Siku ikiwa njema anaondoka na shilingi elfu kumi na tano, siku mbaya anaondoka na nauli. Jioni hupanda boda hadi Bigwa, kisha hushika njia ya miguu kuelekea milimani, mwendo wa saa nzima, hadi kwenye nyumba ya mama yake.

Ni nyumba ya mama yake kweli, si kwa maneno tu. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mwenye sauti juu ya kijana si baba bali mjomba. Kumbuka hilo, maana ndilo linaloifanya habari hii iume zaidi.

Chanzo chake ni droni, kindege cha kamera kinachoongozwa kwa rimoti. Aliipata ikiwa maiti. Mpiga picha za harusi aliileta dukani, injini mbili zimeungua, akamwachia kwa laki tatu. Parth akamwagizia vipuri. Kibwana alikaa nayo miezi mitano, anafungua, anafunga, anafungua tena. Siku ilipoinuka kwa mara ya kwanza uwanjani, anasema, alikaa chini kwa furaha.

"Sikutaka biashara. Watu hawaelewi hilo," anasema. "Mwingine anapenda mpira, mwingine anafuga njiwa. Mimi nilitaka kuona kwetu kulivyo kwa juu. Mashamba ya matuta, mto unavyoshuka, ukungu ukikatika. Basi."

Alijaribu pia kuwa raia mwema. Alikwenda ofisi moja kuulizia kibali, akaelekezwa nyingine. Ya pili wakamwambia vibali ni vya makampuni. Ya tatu, ofisa mmoja mpole alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia ya kuchezea kama hiyo haina shida, ila asiirushe.

"Nikamuuliza, sasa mkuu, nisipoirusha nitaichezeaje? Akacheka, akaniambia nirudi wiki ijayo. Nilirudi mara nne." Karatasi hakupata. Alipata jina la utani pale getini: walinzi wakimwona walisema rubani huyo anakuja.

Huko juu nako maneno yalikuwa yameanza. Wapo waliosema kile kidude kinapima ardhi ili wakulima wahamishwe. Wapo waliosema kinatafuta dhahabu. Bibi mmoja aliapa kwamba ni mumiani wamerudi, safari hii wana mabawa. Mtoto akiugua homa, mtu aliuliza kama kile chombo kilipita wiki hiyo.

Mama yake, Bi Tatu, yeye aliizoea. Kuna siku aliinua macho akiwa anaanika maharage uani, akaukinga uso kwa mkono mmoja dhidi ya jua, akacheka na kumgombeza mwanawe akiteremshe kabla hakijamwangukia. Droni ilikuwa ikirekodi. Kibwana aliirudia video hiyo mara nyingi, kwa sababu mama yake hakuwa mtu wa kupigwa picha. Kila alipoelekezewa simu alinuna.

Kisha ikaja Juni ya mwaka jana.

Asubuhi hiyo aliirusha kutoka uani kwao, akaipandisha mlima hadi nyuma ya kilima cha jirani. Upepo ukawa mkali na betri ikashuka haraka. Droni za namna hii zikiishiwa nguvu hurudi zenyewe zilikotoka, kwa urefu uliopangwa na mwenyewe. Kibwana alikuwa ameupanga mita thelathini, unaotosha kabisa kwa mtu wa tambarare. Tatizo ni kwamba mita hizo huhesabiwa kutoka pale chombo kiliporuka, si kutoka ardhi iliyo chini yake. Kule chini uani zilikuwa thelathini. Juu ya kilima zilibaki tano.

Na juu ya kilima kulikuwa na mwali.

Binti wa ukoo wa jirani alikuwa ndani likizo hiyo, na siku ile kina mama walikuwa naye uani, nyuma ya uzio wa mabua, wakimfunda. Mwanamume hapiti hapo. Hata mwenye nyumba huzunguka njia ya mbali. Droni ilikuja juu ya uzio, ikapambana na upepo, ikaning'inia pale karibu dakika nzima ikivuma, huku wanawake wakimrushia binti makanga kumfunika na kukimbilia ndani.

Kibwana alijua alichofanya pale tu droni iliporudi akaifungua video. "Niliona mikeka, nikaona vichwa vya kina mama vimeinuka. Sekunde tatu, kisha kanga tupu. Nikazima. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona."

Akafuta. Lakini yeye ni fundi, na fundi anajua kwamba kufuta si kufuta. Yeye mwenyewe huwarudishia watu picha walizofuta mwaka mzima. Kwa hiyo alichomoa kadi akaikata kwa koleo vipande vinne. Akasafisha na simu yake yote. Alikuwa anamsitiri binti wa watu. Video ya mama yake akicheka uani ilikuwa kwenye kadi hiyohiyo, na hakuikumbuka hadi koleo lilipokwisha kufumba.

Mchana wazee walifika na mtendaji. Aliyetangulia mbele ni Mzee Sufiani, kaka wa Bi Tatu, yaani mjomba wake Kibwana. Wakamwambia awaonyeshe picha. Akawaonyesha vipande.

"Kama ningewaonyesha ile video, yangekwisha palepale," anasema. "Wangeona ni sekunde chache kabla ya kanga, wangeona hata sura ya binti haionekani. Lakini nimeikata. Wao wakasema, asiye na hatia anakata nini? Wakasema nimekwisha kuziuza."

Mjomba ndiye aliyepaswa kumsemea. Hiyo ndiyo kazi ya mjomba. Mzee Sufiani alivitazama vile vipande kiganjani mwake, akamtazama mpwa wake. Kisha akasema wafuate utaratibu.

Kibwana alitozwa mbuzi na shuka jeupe, akatoa siku hiyohiyo bila kubisha. Droni ikafungiwa kabatini ofisini kwa mtendaji. Kibwana hakwenda polisi kulalamika. Angelalamika nini, na kibali hana? Amri ya mwisho ndiyo iliyomvunja: nyumba yao imetengwa mpaka picha zirudi. Hakuna kusalimiana nao, hakuna kuwauzia chumvi, hakuna kwenda kwenye msiba wao.

Mpaka picha zirudi. Zitarudi kutoka wapi?

Mkewe alivumilia miezi mitatu, akachukua mtoto akarudi kwao Dumila. Bi Tatu aliambiwa wazi kwamba akimwondoa mwanawe, yeye atabaki mtu wa watu. Alikataa. Alisema hajazaa watoto wa kutosha hata aanze kuwagawa.

Tuseme ukweli, aliyeadhibiwa hasa ni yeye. Kibwana alikuwa na mji wake, meza yake, wateja wake. Bi Tatu alikuwa na kijiji tu. Misiba yote ya huko juu alikuwa wa kwanza kufika na ndoo ya maji na wa mwisho kuondoka. Kwenye ngoma za mwali, yeye ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo. Sasa ngoma ikilia kilima cha pili alikaa mlangoni akisikiliza, midomo inacheza, sauti haitoki.

"Nikirudi kutoka kazini alikuwa ananiuliza, leo nani kakusalimia?" Kibwana anasimulia, na hapa anaweka chini kibano. "Nikawa namdanganya. Namtajia jina la huyu, jina la yule. Anafurahi, ananiambia unaona, wanaanza kulainika. Nilimdanganya hivyo zaidi ya mwaka."

Bi Tatu alikuwa na presha ya siku nyingi. Alifariki mwezi uliopita, Jumatano asubuhi, kabla chai haijachemka.

Kibwana alitoka uani akapiga ukelele wa msiba kama desturi inavyotaka. Huko milimani sauti husafiri. Kwa kawaida dakika kumi hazipiti, watu wameshajaa. Alipiga mara ya pili, na ya tatu. Aliona mtu mmoja ametoka nje upande wa pili wa korongo, amesimama, kisha amerudi ndani na kufunga mlango.

Waliofika ni wa mjini: Parth, aliyefunga duka na kuja na mchele na sanda, na Oscar, fundi redio wa meza ya pili, Mkristo asiyejua kaburi la Kiislamu huelekezwa wapi. Mzee Sufiani alikuja peke yake na jembe. Hakuingia ndani. Aliwaonyesha mahali kwenye makaburi ya ukoo, akawachorea mstari wa kibla kwa mpini wa jembe, akasimama kando. Watu wawili wakachimba wakipokezana na mfiwa. Huko ardhi ni mawe, na Oscar bado ana makovu viganjani.

Lakini kaburi si tatizo kubwa, mwanamume yeyote mwenye nguvu atalichimba. Tatizo lilikuwa ndani. Bi Tatu alihitaji kuoshwa, na mwanamke huoshwa na wanawake. Mkewe Kibwana alikuwa bado njiani kutoka Dumila. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, na maiti iko kitandani imefunikwa kanga.

"Nilikaa mlangoni nikasema moyoni, mama yangu ameosha nusu ya marehemu wa huku. Leo yeye hana wa kumwosha, na sababu ni mimi."

Karibu na saa nane akasikia hodi. Alikuwa Bi Sikudhani, kungwi wa yule mwali, mwanamke aliyekuwa ameketi mkekani pale uani siku droni ilipoingia, na aliyedai adhabu kuliko wote. Alikuwa na ndoo ya maji kichwani, kanga amejifunga kifuani.

Tulimfuata Bi Sikudhani nyumbani kwake. Hapendi maswali na alijibu huku akichambua dengu. "Sikwenda kwa Kibwana. Nilikwenda kwa Tatu," alisema. "Sote wawili tulichezwa unyago msimu mmoja. Nilisikia ukelele wa kwanza nikakaa. Wa pili nikakaa. Wa tatu nikaona hapana, huu mchezo gani? Nimwache mwenzangu aoze kwa ajili ya mdudu wa chuma?"

Je, anaamini picha ziliuzwa?

"Nilikuwa naamini. Sasa naona kijana alikata kwa haya. Lakini mimi ni mmoja."

Siku ile aliingia, akamwosha mwenzake akisaidiwa na mkwe aliyewasili katikati ya kazi, akatoka, akapita mbele ya Kibwana bila neno. Bi Tatu akazikwa alasiri. Katika kaburi walisimama watu wanne.

Amri haijaondolewa hadi leo. Mtendaji anasema ni mambo ya wazee, wazee wanasema ni mambo ya serikali. Mzee Sufiani alipoulizwa na gazeti hili alisema hawezi kuifuta peke yake, kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba tangu siku ile hapati usingizi, maana alikuwa na dada mmoja tu.

Droni bado iko kabatini. Parth amejitolea kutafuta mwanasheria, na kikundi cha warusha droni wenzake mjini kinaandaa barua ya kuomba utaratibu ulio wazi. Kibwana ametia sahihi barua hiyo, ila chombo chake hajakwenda kukidai. "Kitakaa. Kwanza watu," anasema.

Kinachomshughulisha sasa ni arobaini ya mama yake. Ni Jumapili hii. Amepanga kupika uani, amekodi sufuria mbili kubwa na mikeka ishirini, na amenunua mchele kilo thelathini kwa nyumba inayoingiwa na watu watatu. Mkewe amekubali kukaa hadi siku hiyo. Wiki iliyopita alikwenda kwa mjomba wake, akasimama nje ya uzio, akampa shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, akauliza dua ni saa ngapi.

Tunamuuliza: na wasipokuja?

"Mama alikaa kwenye misiba yao yote mpaka mkeka wa mwisho ukunjwe. Nami nitakaa kwenye wa kwake mpaka jua lizame. Chakula kitakuwa pale. Mtu akipita amechelewa, atakikuta."

Kisha anatuomba jambo moja: kama tutaandika habari zake, tusiishie kwenye droni, tuandike na saa. Basi tunaandika. Dua ya arobaini ya Bi Tatu ni Jumapili, baada ya swala ya adhuhuri. Ukitoka Bigwa unapanda moja kwa moja, nyumba ya mwisho kabla ya korongo. Hakuna mwaliko maalumu, na mlango utakuwa wazi tangu asubuhi.