Kamera Mbili na Uso wa Mama Mkwe

Nilipata kuwa na kamera mbili za dijitali, zote ndogo, na kwa miaka kadhaa nilijihesabu kuwa bingwa wa picha kuanzia Masasi mpaka Newala. Ubingwa huo haukuwa na jasho. Washindani wangu walikuwa wawili tu: mmoja alikuwa akikata watu vichwa, mwingine alikuwa akilewa kabla ya bwana harusi. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, koti lenye mifuko sita, na ulimi. Siku hizi kila mtu ana simu na anajipiga mwenyewe, kwa hiyo hakuna atakayeniuliza ipi ilikuwa bora kati ya zile mbili. Nitasema bila kuulizwa, kwa sababu nilichelewa kulijua jibu, na aliyeumia kwa kuchelewa kwangu si mimi.

Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya rangi ya waridi, inaenea kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa hodari ndani ya nyumba. Kanisani kwetu Lulindi, nilikozaliwa, ibada ya kipaimara ikichelewa mpaka jua likielekea kuzama, wenzangu walikuwa wakifunga mikoba yao. Mimi naendelea kupiga bila kumulika taa machoni mwa askofu. Tena ilikuwa na kipaji kingine. Uso ukiingia kwenye kioo chake, inauzungushia kiboksi cha njano, kisha inaulainisha. Chunusi, makunyanzi, makovu, mabaka ya mkorogo, vyote vinayeyuka. Mtu anaingia na miaka hamsini, anatoka na thelathini. Mahali pa kuzima ulaini huo palikuwepo. Nilipaona siku ya kwanza, nikasoma, nikapaacha. Nani aje kwa fundi ili afanane na nafsi yake?

Ya pili ilikuwa nene, nyeusi, imetuna kama chura aliyekasirika. Ukiiwasha, lenzi inatoka taratibu kama kichwa cha kobe, na mpaka imalize kutoka, bibi harusi ameshakata keki. Ndani ya nyumba haikufaa kabisa. Picha inajaa chenga kama imenyunyiziwa unga wa muhogo. Lakini juani ilikuwa haina mfano. Unasimama kwenye goli moja, unamvuta refa aliye kwenye goli la pili mpaka unaona anavyojifanya hakuona. Ilitumia betri zilezile za redio, ambazo ungezipata hata kwenye kiduka cha kijijini Makote kisicho na kitu kingine ila chumvi na kiberiti. Na mkulima akija na jani la mkorosho lililoshikwa na ubwiri unga, nililipiga kwa ile nene. Bwana shamba anaitazama picha, anataja dawa bila kuinuka kitini, jambo ambalo yeye alilipenda kuliko mikorosho yenyewe.

Basi nikagawa kazi. Nene niliipa majani, mipira, magunia ya korosho na picha za vitambulisho. Nyembamba niliipa watu wenye kujipenda, yaani watu wote waliobaki. Ukifikiri vizuri, jani la mkorosho lilipata ukweli kwangu kuliko binadamu. Sikufikiri vizuri. Nilikuwa nafurahia sifa.

Alikuja mwalimu mmoja wa kwaya, uso wake umechimbika kwa chunusi za ujana. Nilipompa picha aliisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Fundi, haya mabonde yangu yamekwenda wapi?"

"Yamesamehewa, mwalimu."

"Yote?"

"Na ya mkeo pia."

Akachukua nakala sita, akaenda zake akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Sasa nije kwenye kosa. Nilioa Chilangala, juu kwenye uwanda wa Makonde, na kwa desturi niliyoikuta ni mume anayehamia kwao mke. Kwa hiyo niliishi ua mmoja na mama mkwe wangu zaidi ya miaka thelathini, na kwa miaka yote hiyo sikupata kumkazia macho. Mkwe mwenye adabu hafanyi hivyo. Mama mkwe akipita, unapisha njia na kutazama chini; akiwa na neno, linapita kwa mke wako, hata kama mmekaa hatua tatu. Nilizijua kandambili zake, kanga zake na mguu wake wa kushoto uliokuwa mzito. Uso wake niliujua kwa kuibia. Nilijua kwamba ana nembo, zile chale za Kimakonde ambazo wanawake wa rika lake walichanjwa usoni kwa kisu zikatiwa masizi, nazo hazifutiki mpaka kaburini. Ni ngapi, zimepangwaje, sikujua, na niliona fahari kutojua.

Mama mkwe alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Alivuka wakati wa vita vya kumwondoa Mreno, na mtoto mgongoni. Mdogo wake wa kike alibaki. Walichanjwa siku moja, na fundi mmoja, kwa kisu kimoja, na tangu kuvuka huko hawakuonana tena. Walipokuwa na nguvu palikuwa na vita. Vita vilipokwisha, nguvu nazo zilikuwa zimekwisha.

Siku moja mke wangu alinijia na ujumbe. "Mama anasema umpige picha. Yule mchuuzi wa vitenge anavuka wiki ijayo, ampelekee mdogo wake."

"Si angetuma salamu tu?"

"Ametuma salamu miaka yote. Anasema jina lake mtu yeyote anaweza kulitaja. Uso ndio utakaomwambia mdogo wake kwamba ni yeye, na yu hai."

Nilimkalisha barazani, kivulini, kwa sababu ya mguu wake, na kwa kuwa ni kivuli nikachukua ile nyembamba. Nilitaka pia kumpendezesha. Mkwe gani asiyetaka? Nilimtazama kupitia kioo cha kamera, na hata hapo sikutazama uso, nilitazama kiboksi cha njano. Kilipotulia nikabonyeza. Adabu hiyo ningeweza kuifundisha shuleni.

Picha niliisafisha Masasi mjini. Kijana wa mashine aliniambia, "Bibi huyu bado anaolewa." Niliitazama nikahisi kuna kitu kimepungua, nikadhani ni mazoea yangu ya kutomwona. Mchuuzi alikuwa stendi palepale, tayari kuondoka. Nikaitia kwenye bahasha nikampa, na nyumbani hakuna aliyeiona.

Baada ya mwezi mchuuzi alirudi. Alikuja mpaka kwetu, akaamkia "Shikamoo, Bibi," akaitikiwa "Marahaba, mjukuu wangu," kisha akaketi, mzigo wa vitenge bado begani.

"Umemwona?" mama mkwe akamwuliza.

"Nimemwona, Bibi. Ana jicho moja tu linaloona, lakini linaona vizuri."

"Amesemaje?"

"Ameitazama picha, akaigeuza nyuma, akaitazama tena. Akaniuliza, huyu ni nani? Nikamwambia ni dada yako. Akasema, dada yangu ana uso, huyu hana."

Mke wangu alinitazama. Mimi nilikuwa natazama kandambili za watu.

"Halafu," mchuuzi akaendelea, "akaniuliza kwa upole kabisa, amekufa lini? Nikaapa kwamba yu hai. Akasema kama yu hai, mbona mnaniletea mwanamke mwingine? Wakakaa msiba, Bibi. Siku tatu. Na mimi nilikuwa mgeni, ningefanyaje? Nimekula ugali wa msiba wa mtu niliyemwacha hapa anapepeta mtama."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamwambia binti yake, kwa sauti ambayo hata jirani angeisikia, "Mwambie mumeo nimezikwa ng'ambo. Aje atoe pole."

Kicheko kilipokwisha aliinuka, akaingia ndani, na siku ile hakutoka tena. Mke wangu alinifuata nyuma ya nyumba.

"Baba watoto, umemfanya nini mama?"

Nilijua. Nilikuwa nimeshaifungua ile nyembamba chooni na kuikuza picha: paji la uso tupu kama sahani, mashavu kama ya mtoto wa shule, nembo hata moja hakuna. Ningeweza kusema hapohapo. Badala yake nikasema, "Ni wino wa Masasi. Siku hizi wanachanganya na maji." Kijana wa mashine hakunikosea lolote, na mashine yake ilikuwa nzuri, nilimsingizia kwa sababu alikuwa mbali.

Nikaahidi kupiga nyingine msimu ukitulia. Msimu wenyewe ulikuwa wa korosho, na korosho zikiuzwa watu wanaoa kama wanafukuzwa. Nilikuwa kila Jumamosi kwenye harusi, nasamehe chunusi. Msimu ukapita, nikaahidi tena, ukapita wa pili. Sikukosa nafasi, baraza ilikuwa hatua kumi kutoka kitandani kwangu. Lakini kumpiga upya kwa ile nene kungekuwa kukiri kwamba ile ya kwanza niliifuta mimi, na bingwa hakiri. Simu hazikushika kule kwa yule mdogo, na mama mkwe alisema hata zingeshika, sauti ya kizee ni sauti ya kizee yeyote. Basi kwa misimu miwili mtu aliye hai alikuwa marehemu kwa ndugu yake pekee, kwa ajili ya heshima yangu.

Nilikamatwa na kitambulisho. Jirani yetu, bibi wa rika la mama mkwe, alihitaji picha ya kitambulisho, nikampiga juani kwa ile nene na kuisafisha kwa kijana yuleyule. Bibi yule aliileta kuwaonyesha wenzake. Nembo zote zilikuwepo, hata kidonda kidogo cha mdomoni. Jioni mke wangu aliniita.

"Mama anauliza, wino wa jirani ulitoka wapi?"

Safari hii sikuchanganya na maji. Nikamweleza yote: kiboksi, ulaini, mahali pa kuzima ambapo nilipajua. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo uliweza kuuzima," akasema.

"Niliweza."

"Basi kamwambie mwenyewe. Mimi leo sipeleki ujumbe."

Kesho yake asubuhi mama mkwe alikuwa ameshabebewa kiti mpaka katikati ya ua, juani. Nilisimama mbele yake na ile nene, nikamwambia kosa langu nikitazama mchanga.

"Mkwe," akasema, moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu, "adabu yako iweke kando. Nitazame. Hesabu."

Nikamtazama. Kwenye paji la uso palikuwa na pembetatu mbili, moja ndani ya nyingine. Shavu la kulia lilikuwa na mistari mitano iliyolala sambamba. La kushoto lilikuwa na minne, na wa nne uliishia njiani, umepinda. Nilidhani ni mkono mbaya wa fundi, kama wangu. Mimi niliyejisifu kwa macho nilikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, na ndiyo kwanza naona uso wa mtu ambaye nilikula chakula chake tangu ujana. Lenzi ilitoka taratibu kama kawaida yake. Safari hiyo sikuilaumu.

Picha hii waliiona wote kabla haijatiwa kwenye bahasha. Mama mkwe aliipitishia kidole shavuni, akasema, "Nimezeeka vizuri," akaifunga mwenyewe.

Mchuuzi alikaa kule karibu miezi miwili. Aliporudi tulikuwa wote uani.

"Bibi, ile picha hakuiona," akaanza. "Lile jicho lake moja nalo limeshapofuka. Aliipapasa, akasema ni karatasi."

Mke wangu alisogea karibu na mama yake.

"Nikamwambia, nikuhesabie. Akasema hesabu. Nikasema, paji la uso, pembetatu mbili, moja ndani ya nyingine. Akawa anajipapasa lake. Nikasema, shavu la kulia mitano. Akaniuliza, na la kushoto? Nikasema ni minne, Bibi, na wa mwisho umepinda, nadhani picha ina kasoro. Akacheka, Bibi. Alicheka mpaka watoto wakatoka ndani. Akasema, ndiye. Alikimbia, na kisu bado kiko shavuni."

Mama mkwe aliinua kidevu. "Mwongo. Kisu kilikuwa butu."

"Anasema ulikimbia mpaka kwenye mihogo, na yeye ndiye aliyetumwa kukutafuta."

"Na hakunipata," mama mkwe akasema. Alikuwa anatabasamu, nami nikaliona tabasamu lote, maana sikuwa nimerudia kutazama chini. Nilidhani mambo yamekwisha vizuri, kwa wepesi uleule niliodhani kila kitu.

Kisha akamgeukia mchuuzi. "Mjukuu wangu, ulipompelekea ile ya kwanza, jicho lake lilikuwa zima?"

"Zima, Bibi. Aliona mpaka mshono wa kanga yako."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana pia alikuwa anaona kidogo."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea salamu. Hakunitazama, wala hakumpa mke wangu neno la kuniletea. Nikatazama kandambili zake. Safari hiyo haikuwa adabu.