Siku Mama Alipotua na Mkoba Mmoja

Kituo cha treni cha Karakata kilinuka dizeli, mahindi ya kuchoma na vumbi lililorowa mvua. Harufu hiyo naikumbuka kuliko pilau zote za utoto wangu, maana ni hapo nilipomtazama mama yangu vizuri kwa mara ya kwanza. Alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani nikiwa sijaota meno, akaniacha Chang'ombe kwa bibi, mama yake mzazi. Kila kilichokuwa kipya nyumbani kilitoka kwake: bati, friji, hata vyerehani vya mjomba Saidi, kaka yake, alivyofungulia duka la ushonaji.

Aliposema anarudi, mtaa mzima ulijua. Mjomba aliazima gari kubwa kwa ajili ya mizigo, mkewe akapika pilau la majirani, mimi nikasukwa nywele mpaka macho yakanivutika. Uwanja wa ndege tulisimama penye kizuizi, tukiwatazama abiria wakisukuma vitoroli vilivyofurika masanduku. Mama akatoka na mkoba mmoja begani. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu la mafuta ya moto, vidole vimejikunja, havifunguki. Bibi alimkumbatia akalia. Mjomba alichungulia nyuma yake, akauliza mizigo iko wapi.

"Nimejileta mwenyewe, kaka," mama akasema.

Mjomba hakupaza sauti. Alisema mwenye gari analihitaji upesi, tutafute usafiri, akaondoka na wanawe. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, lakini sikujua kuwa hata ndugu wa tumbo moja huupima kwanza.

Tukatembea hadi kituoni, bibi akiwa na ule mkoba kichwani. Treni ya jioni kutoka Pugu ikaingia ikipiga honi, tukajibana ndani. Mwanamke mmoja muuza samaki aliuona ule mkono, akainuka, akampisha mama kiti. Mama akaninyooshea mkono wake mzima. Niliushika, ulikuwa mkavu na mgumu kama gome. Nje zilipita kuta za viwanda na nguo zilizoanikwa karibu kabisa na reli, naye akizitazama kama mtu anayehesabiwa makosa. Tulipopita Vingunguti akamuuliza bibi kwa sauti ndogo kama wamekasirika.

"Waliokuja kupokea mizigo ndio waliokasirika," bibi akajibu. "Mimi nilikuja kumpokea mwanangu."

Tulipofika, pilau lilikuwa limekwisha kuliwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wetu hawakupona, wakaacha kuja. Msimu ule wa mvua mama alilala chumba cha ndani pamoja nami, akijifunza kunichana kwa mkono wa kushoto. Alinichana vibaya, na sikutaka mtu mwingine anichane. Mjomba naye kila Ijumaa alileta habari za wakala mpya wa kazi za Uarabuni. Kovu, alisema, halimzuii mtu kudeki. Bibi alibishana naye mpaka sauti ikamkauka. Mvua hazijakatika, mama akaondoka tena. Safari hiyo gari lilipatikana, na mjomba mwenyewe alikaa kiti cha mbele.

Simu za mama zilipungua, kisha zikakoma. Bibi alikufa akimngoja. Siku hizi uwanja una jengo jipya linalong'aa, mjini kuna treni ya umeme, na watu husema Dar imebadilika. Huenda. Mimi nimekuwa fundi wa kiwandani, nimepanga chumba changu Temeke. Mwezi uliopita mjomba alinitembelea. Nikamwamkia, nikampa kiti na chai. Akasema amepata wakala mwaminifu, na kwamba msichana mwenye nguvu kama mimi anajipotezea bahati. Mama hakumtaja hata kwa jina.

"Mjomba," nikamwambia, "una mabinti wawili nyumbani. Anza na hao."

Alinitazama kama niliyemtukana, akaiacha chai, akaondoka.