Chumba cha Baridi cha Mama Rukaya

Mama Rukaya ni dada yake marehemu mama yangu, na mimi nimekulia kwake. Nyumba ile haikuwa yake peke yake. Iliachwa na babu, na warithi walikuwa yeye na mdogo wake, mjomba Seleman, ambaye alitaka iuzwe hata matanga hayajaisha. Mama Rukaya alimwomba amwache kwanza ajaribu gesti. Wakati huo serikali imefungulia watu biashara, kila mwenye ua mpana kageuza vyumba kuwa gesti, na mikutano ya ukumbi wa Chimwaga ikianza, mji wetu wa Dodoma unajaa mpaka watu wanalala kwenye magari. Mjomba akasema sawa, lakini mkutano unaokuja ukipita vyumba vikiwa vitupu, anamleta mnunuzi.

Ndipo Mama Rukaya akanunua kiyoyozi. Shirika moja la umma lilikuwa linafungwa na vitu vyake vinauzwa pale pale uani, meza, feni, makabati ya chuma. Mama Rukaya akachukua kiyoyozi cha kuweka dirishani, kikaja kwa mkokoteni, ukuta wa chumba cha mbele ukatobolewa. Hakuna gesti nyingine mtaani iliyokuwa nacho.

Alikipenda kama watu wanavyopenda kabati la vyombo vya wageni. Alikifumia kitambaa. Hakukiwasha ili kitumike, alikiwasha ili kionekane. Jirani akija kusalimia anapelekwa chumba cha mbele, kitambaa kinaondolewa, kinawashwa, anaambiwa asikie hiyo baridi, kinazimwa. Akitokea mwingine mlangoni kinawashwa tena papo hapo. Watu wa maulidi walionyeshwa, mpaka muuza mkaa alionyeshwa. Taa ya ukumbini ilikuwa inafifia kila kikiwashwa, sisi tukaona ndiyo nguvu yake.

Mkutano ulipokaribia, bwana mmoja wa ofisini Dar es Salaam alituma salamu kwamba anataka chumba chenye baridi mkutano mzima, na wenzake watachukua vyumba vyote vilivyobaki. Mama Rukaya aliimba siku hiyo akifua.

Asubuhi ya siku ya mgeni, akawasha. Feni ikazunguka, lakini upepo uliotoka ulikuwa wa joto. Ndani kitu kikaguna, kikapiga tak, kikanyamaza.

Aliitwa fundi Stanley, ambaye zamani alitengeneza majokofu katika shirika lile lile na sasa anazunguka na mfuko wake wa spana. Alianza na yaliyo rahisi. Akapima plagi kwa testa, umeme upo. Akachomoa kichujio, kimejaa vumbi jekundu, kikakung'utwa nje na kuoshwa. Akawasha, tak. Akafungua kifuniko akatoa kapasita, kile kikopo kinachousukuma mtambo uanze, akakuta kimevimba. Akafunga kingine alichokuwa nacho. Tak.

Akainua macho kwenye taa. Akasema umeme ni mdogo, mashine ya kusaga ya Yotham hapo jirani inaumaliza. Mama Rukaya akajitanda khanga, akaenda mwenyewe. Yotham ni mtu mpole, hakuweza kumkatalia, akazima mashine. Wanawake wa kwenye foleni wakabaki na madebe yao ya uwele. Lea, aliyetoka Nzuguni na punda tangu alfajiri, akasema ili asikike:

"Kwa hiyo sisi tulale njaa ili mgeni apoe?"

Wenzake wakacheka, ila si cheko la kufurahi. Mama Rukaya akawaomba radhi mmoja mmoja, akarudi karibu anakimbia.

Taa ilikuwa imeng'aa. Fundi akawasha. Kiliguna kwa muda mrefu kuliko mwanzo. Tak. Kule kwa Yotham mashine ikaanza kunguruma tena, hawakungoja kuambiwa.

Fundi akapangusa mikono. Akauliza kama kuna mtu amekuwa anakiwasha, anakizima, na kukiwasha tena hapo hapo. Mama Rukaya akasema ni yeye, alikuwa anaonyesha watu.

"Kikizimwa kinataka kipumzike kwanza, mama. Ukikiamsha hapo hapo, na umeme wenyewe ndio huu, kinajikaza kinashindwa. Kila ulipokionyesha ulikuwa unakiunguza."

"Hakuna dawa?"

"Ni kompresa, ule mtambo wenyewe wa baridi, umeungua. Hapa Dodoma haipo. Na ukiipata, utaona heri ungenunua kingine."

Mama Rukaya akakaa ukingoni mwa kitanda. "Si bora ningekiacha kimefunikwa," alisema.

Mgeni alifika jioni. Akaweka kiganja mbele ya kiyoyozi, akakiacha hapo kidogo, hakuna baridi. Mama Rukaya akamwambia feni ipo, maji ya kuoga yapo, kuku wa kuchinja yupo. Bwana yule alishukuru kwa adabu nzuri, akaondoka na wenzake kwenda hoteli mpya. Mkutano ukaanza, ukaisha, hakuna aliyelala kwetu.

Mjomba Seleman hakuchelewa. Alikuja na mnunuzi, kijana mwenye duka la vipuri, wakawa wanagonga kuta na kupima kwa hatua. Walipofika chumba cha mbele, mnunuzi akauliza kama kiyoyozi kinafanya kazi. Mjomba akamkazia dada yake macho, anyamaze.

"Kimekufa," alisema Mama Rukaya.

"Haidhuru, mama. Ukuta huu wote nauvunja, naweka maduka."

Mjomba akashusha pumzi. Mama Rukaya akauliza kama angeweza kubaki hadi Ramadhani ipite. Mnunuzi akamtazama mjomba, mjomba akatazama nje. Mama Rukaya akaenda jikoni kuwachemshia chai.