Njuga za Nyoka Ndani ya Fidla ya Verdie

Siku hizi wanamuziki hurekodi mmoja mmoja, kisha fundi anawaunganisha kama viraka. Sauti inatoka safi, haina harufu ya mtu. Siisikilizi. Mpwa wangu Verdie Stidham alirekodi pamoja na nyoka.

Alizaliwa kwenye bonde letu la Kentucky, binti wa mchimba makaa. Akiwa na miaka mitano aliitoa fidla ya baba yake ukutani, akapiga wimbo wa dansi aliousikia mara moja tu. Baba yake hakumchapa. Alikwenda mlimani, akaua nyoka mwenye njuga mkiani, akazikata njuga zile na kuzitumbukiza ndani ya fidla. Kwetu kila mpigaji alifanya hivyo: panya hawaisogelei, na sauti haizeeki.

"Sasa ni yako," alimwambia.

Alipofika miaka kumi na saba, watu walivuka mito miwili kuja kucheza dansi jikoni kwao akiwapigia, meza zikiwa zimetolewa nje. Mimi nilimpigia banjo.

Ndipo Bwana Pruitt, mtu wa kampuni ya santuri, akaja mjini na kutundika mablanketi kwenye ghala la samani kuzuia mwangwi. Kila mpigaji alipewa sahani mbili za nta za kurekodia. Ukiziharibu, unarudi kwenu. Verdie akishindwa, Jumatatu angeanza kufua nguo za wachimbaji. Mama yake alishamtafutia kazi.

Sahani ya kwanza ilisimamishwa katikati.

"Nani anatikisa maharage?" aliuliza Bwana Pruitt.

"Ni nyoka, bwana."

"Yuko hai?"

"Mkia tu."

Bwana Pruitt akaikung'uta fidla, njuga zikaanguka mezani. Verdie akajaribu kidogo bila njuga, fidla ikalia kama paka mwenye mafua.

"Sahani iliyobaki ndiyo ya mwisho, binti," alisema Bwana Pruitt, akarudi nyuma ya pazia kwenye mashine yake.

"Mjomba, nipe njuga," Verdie alininong'oneza.

"Atasikia."

"Wewe si una mabuti? Kanyaga sakafu, zisisikike."

Akazirudisha ndani ya fidla. Taa ya kuanza kurekodi ikawaka, nami nikakanyaga sakafu mpaka vumbi likashuka darini. Chaka-chaka zikafuata mabuti. Bwana Pruitt akatoa kichwa kwenye pazia, lakini angesema neno moja tu, lingeingia kwenye nta. Alibaki akipunga mikono kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Verdie akamwona, akaangua kicheko na kuongeza mwendo. Kicheko nacho kiliingia.

"Mmeniharibia nta," alisema Bwana Pruitt mwishoni, akijifuta jasho. Lakini hakuwa na nyingine, akaipeleka hiyohiyo.

Jumatatu Verdie alikwenda kufua. Alifua miezi mitatu, mpaka barua ya Bwana Pruitt ilipofika: santuri zimekwisha madukani, wanataka turekodi sahani nne zaidi, na tusithubutu kuja bila hicho kinachotikisika.

Aliisoma mikono ikiwa na povu hadi viwikoni.

"Mjomba," aliniuliza, "nyoka mmoja atatosha sahani nne?"